Mwanamke Aliyelijua Neno Kabla ya Kitabu

"Maana ya ukombozi, muulize aliyefungwa." Vijana wa kipaimara waliisikia methali hiyo katika mahubiri, na walipotoka ibadani walimfuata Bibi Felista, mjane wa katekista, wakamwuliza ilikotoka. Bibi aliwaambia waketi, kisha akaanza kuwasimulia chanzo chake.

Zamani, watu waliotoka utumwani na waliokimbia vita walipojenga kijiji karibu na misheni, alikuwapo mwanamke aitwaye Nambeleka. Kwa kulima mtama hakuwa na mfano, lakini kukariri mafundisho kulimshinda. Mara mbili alisimama mbele ya Mwalimu Silvano kuulizwa maswali ya ubatizo, na mara mbili alirudishwa. Swali lilikuwa lilelile: Mkombozi ni nani? Jibu la kitabuni lilikuwa refu. Kila alipolianza lilimkatikia njiani, na wenzake, wengine umri wa wanawe, walicheka chini chini. Mara ya pili alirudi nyumbani akiapa kwamba hatakwenda tena. Hata hivyo alikwenda, maana hamu ya ubatizo ilizidi aibu.

Siku hiyo padri alikuwa amefika kuwasikiliza wanafunzi. Mwalimu Silvano, aliyezaliwa palepale misheni na kulelewa na vitabu, alimwambia, "Huyu mama bado, Baba. Hajui maana ya Mkombozi."

"Ngoja nimsikie mwenyewe," padri alisema.

Nambeleka alisimama. Akaliacha kabisa jibu la kitabu.

"Nilikamatwa nikiwa mwali," alisema. "Tulitembezwa siku nne tukiwa na kongwa, ule mti wa panda wanaofungwa mateka shingoni. Siku ya tano kaka yangu Mtepa alitufikia, amebeba majembe ya kunikombolea. Wakayakataa. Walitaka mabega ya kubeba pembe za ndovu. Mtepa akayatua majembe, akawaambia, 'Mfungueni huyu, mnifunge mimi.' Wakafanya hivyo."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Aliniambia niende kwa mama, wala nisigeuke nyuma. Mimi nikageuka. Nilimwona akienda na kongwa langu shingoni, ananyanyua miguu kama mtu aendaye kwake. Sikumwona tena. Basi, Baba, mkombozi ni yule anayeingia kifungoni mwako ili wewe utoke. Mwalimu aliposema kwamba Yesu ni Mkombozi, nilifahamu palepale alichonifanyia. Kuyapanga maneno ndiko kulikonishinda."

Mwalimu Silvano alikifunga kitabu polepole. "Neno hili nimelifundisha miaka sita," alimwambia padri. "Leo ndiyo nimefundishwa."

Nambeleka alibatizwa Jumapili iliyofuata. Tangu hapo, kila mwaka, Mwalimu aliwapeleka wanafunzi wake shambani kwa Nambeleka, naye aliwapokea amesimama wima, akamtaja kaka yake kwa jina na kwa ukoo, asiache hata moja. Na mwanafunzi akijigamba kwamba mafundisho yote anayajua kwa moyo, Mwalimu Silvano alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwelekeza njia ya shambani.

"Umekariri vizuri," alimwambia. "Sasa nenda kwa Nambeleka. Maana ya ukombozi, muulize aliyefungwa."