Gunna Alivyomleta Bibi wa Chemchemi Amefungwa Kamba

Hapo zamani, kule kaskazini ya Ulaya, ambako baridi ikija maji hugeuka jiwe na watu wakapita juu yake na mizigo yao, alikuwako mjane kijana jina lake Gunna, mumewe alikuwa mchoma mkaa, amekufa, na yeye hana kitu ila hori la kulishia mbuzi, na mbuzi mwenyewe wameshamla, na mtoto wa miezi mitatu, Eyvindi. Wanawake wa huko walikuwa na desturi yao ya tangu mabibi: mtoto akizaliwa humnyunyizia maji ya chemchemi, wakamtaja jina, wakamkabidhi kwa Bibi wa Chemchemi, ambaye hakai penginepo ila mle majini.

Basi mfalme wao, Sigvaldi, alikuwa amebadili dini mwaka ule ule, na mtu aliyebadili dini juzi huwa na haraka. Akasikia kwamba Gunna bado anakwenda chemchemini, akatuma askari wakamchukua mtoto, akalelewe ngomeni asimjue mama. Gunna akawafuata mbio, kiatu kimoja mguuni, akaanguka mbele ya mfalme, akaomba, akalia, akaomba tena, na mtoto yumo chumba cha pili anamlilia, na kila akilia maziwa yanamtoka mama yanalowesha nguo.

Mfalme akanena, "Kesho adhuhuri niletee huyo Bibi yako. Aje amefungwa kamba kama mfungwa yeyote, wala asije ndani ya ndoo wala mtungi. Ukimleta, chukua mwanao. Usipomleta, usahau kama ulizaa."

Watu wa baraza wakacheka, maana nani amepata kuyafunga maji kwa kamba? Gunna akaenda zake, akachota maji ya chemchemi, akajaza lile hori, akaliacha uani. Baridi ya nchi ile haihitaji kubembelezwa.

Adhuhuri akaja anaburura gogo la barafu juu ya theluji, limekazwa kamba kwa mafundo saba. Mfalme akalitazama, akasema mbona hii ni barafu tu. Gunna akajibu, "Bwana wangu, uliagiza aliyemo chemchemini. Nimechota yaliyomo, sikuona mwingine. Kama humtaki nimrudishe, na kama umempokea, sema mbele ya watu hawa."

Na desturi ya nchi ile, mfalme akishika pete ya kiapo akatamka neno, neno halirudi. Sigvaldi alikuwa na wageni siku hiyo, akaona itakuwa burudani kubwa kumpasua Bibi huyo kwa shoka baada ya kula. Akaishika pete, akanena, "Nimempokea, yu mikononi mwangu. Mwanao utampata nikimaliza kumhukumu."

Akaamuru mfungwa akalishwe kwenye kiti cha mbele, kando ya moto, watu wote wamwone. Ikawa karamu. Na kwao mgeni hanywi mpaka awataje babu zake wote, na wageni walikuwa thelathini, kila mmoja na babu zake. Wakamtupia mfungwa mifupa, wakamwuliza mbona hali. Gunna amesimama mlangoni, anaomba moyoni babu wazidi kuongezeka.

Hata mfalme akainuka na shoka lake, na kitini pana kamba tu, imelowa, mafundo yote saba yapo, na mfupa mmoja wa kondoo. Akauliza yuko wapi.

Askari mmoja mzee akainua mguu, akaitazama soksi yake, akasema, "Nadhani amepita hapa, bwana."

Gunna akasema, "Mimi nilimleta amefungwa, na mafundo yangu hayo hapo. Moto ni wako, walinzi ni wako, na aliyemkalisha pale ni wewe. Au nimsubiri mwanangu mpaka mumkamate? Watume basi na kamba zao, bwana wangu, ameelekea mlangoni."

Mfalme akafungua kinywa atoe amri, akawaona askari kweli wameinama wanafuata maji sakafuni, akacheka mpaka shoka likamponyoka. Akaamuru mtoto aletwe, na mbuzi wawili, na chemchemi ile isiguswe na mtu.

Nao wajukuu wa wageni wale husimulia hata leo kwamba mungu mke alizikata kamba za mfalme kwa moto wa macho yake, akatoka mbele ya mashujaa thelathini. Gunna alipoulizwa alisema hakuona vizuri, alikuwa ananyonyesha.