Pole Zilizofika Bila Wenyewe

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambazo mimi sikuwapo na aliyenisimulia hakuwapo, wanyama wa Bonde la Mkwajuni walikuwa na nyumba, mashamba na majiko kama sisi. Hayo nayakubali bila ushahidi, kwa sababu tukiyakataa hatuna hadithi. Mengine tutayapima njiani.

Mmoja wao akiugua, jirani alikwenda mwenyewe. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi, akamwona mgonjwa kwa macho yake.

Kisha akaja Kasuku. Huyu alikuwa na kipawa kimoja: likisemwa neno mbele yake, alilishika na kulitoa upya kwa sauti ileile ya msemaji, hata kikohozi chake. Ukiwa na pole ya kumpelekea jirani wa ng'ambo ya mto, ulimwambia Kasuku, naye, pu-pu-pu! alikuwa amekwisha fika. Wanyama walifurahi, nami siwalaumu. Ng'ambo ya mto ni mbali, na jua la bondeni ni kali.

Baada ya muda, Kasuku akawa na pole za kila mmoja kichwani mwake. Hakuhitaji kuambiwa upya. Alitua dirishani tu.

"Mzee Tembo, Swala kafiwa na mama yake."

"Eh! Masikini. Mpelekee pole."

"Ile fupi au ile ya kulia?"

"Ile ya kulia, bwana. Swala ni jirani."

Kasuku akaenda kulia kwa sauti ya Tembo, na Tembo akaendelea kutafuna miwa.

Likaja lililo baya zaidi. Fisi alimfundisha Kasuku kilio cha uchungu, akatangaza kuwa amevunjika mguu. Wenye huruma walipompelekea chakula, walimkuta uani akicheza ngoma kwa miguu yote minne. Tangu siku hiyo wanyama hawakuamini tena walichokisikia kwa Kasuku. Na, angalieni ajabu hii, hawakuacha kumtuma.

Basi asubuhi moja Bi Kobe, mjane mkongwe aliyeishi peke yake mteremkoni, alikuwa akirudi kutoka shamba lake la kunde na maboga. Mguu ukateleza. Kwaa! Biringi, biringi, bwa! Akatua chali ndani ya kishimo, miguu minne ikiangalia mbingu. Kobe aliyebanwa chali hawezi kujigeuza, na jua likimkuta hivyo, humkausha kama jani. Jua lilikuwa limeanza kupanda.

Jirani yake, Nguchiro, alisikia kishindo. Nguchiro alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Alikuja mbio.

"Bibi! Shikamoo! Umefanyaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Naangalia mawingu. Hayapo."

Nguchiro akasukuma. Akavuta. Akachomeka mti chini ya gamba, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Ta! Mti ukavunjika, naye akaanguka kifudifudi.

"Acha, utajiumiza," akasema Bi Kobe. "Waite wenye nguvu."

Kasuku akaitwa. Bi Kobe akasema mbele yake, "Jamani, nimeanguka, nimelala chali juani. Njooni mniinue." Kasuku akaruka. Haukupita muda akarudi, akatua juu ya jiwe, akafungua mdomo. Ikatoka sauti nzito ya Tembo:

"Pole sana, Bi Kobe! Tuko pamoja nawe!"

Kisha ikafuata sauti ya kukwaruza ya Kifaru:

"Pole mno, mama. Tumeguswa. Tuko nawe bega kwa bega!"

Bi Kobe akageuza shingo kulia, akaigeuza kushoto.

"Wako wapi?"

"Kwao," akajibu Kasuku.

Nguchiro akakunja uso. "Kasuku, maneno haya wameyasema leo?"

"Leo wameitikia kwa kichwa tu. Maneno waliyasema zamani, katika msiba mwingine. Ila sauti ni zao, hilo siwezi kukana."

Nguchiro hakungoja zaidi. Alikwenda kwa miguu yake mpaka kwa Tembo.

"Hodi! Hodi! Mzee Tembo, shikamoo! Bi Kobe anakauka!"

"Marahaba. Mbona kelele? Nimekwisha kumpelekea pole."

"Hahitaji pole, mzee. Anahitaji mkonga."

"Kijana, Fisi naye si alivunjika mguu? Siku hizi mtu huwezi kujua. Na hata ikiwa kweli, Kifaru amesema yuko naye bega kwa bega. Bega la Kifaru si dogo."

Nguchiro akakimbia kwa Kifaru.

"Bi Kobe?" akasema Kifaru, akijigeuza katika tope lake. "Lakini nasikia Tembo yuko pamoja naye. Tembo mmoja hamtoshi kobe mmoja?"

"Tembo yuko kwake anakula miwa!"

"Wewe unasema hivyo. Kasuku anasema vingine. Nimwamini nani? Bora nisimwamini yeyote, nibaki hapa."

Nguchiro aliporudi, jua lilikuwa limefika utosini. Miguu ya Bi Kobe haikuwa ikipiga tena hewa, ilikuwa imelegea. Nguchiro akamfunika kwa jani la mgomba, akamtilia maji kinywani, nusu yakamwingia puani.

"Wanakuja?" Bi Kobe akauliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

Nguchiro alimpenda bibi huyu, aliyemlisha tangu akiwa mtoto. Hakuweza kumwambia uongo wala kumwambia ukweli.

"Bado, bibi."

Akasogea pembeni, akafikiri. Pole hutumwa. Hongera hutumwa. Hata machozi, kumbe, hutumwa. Ni kitu gani ambacho mkubwa hawezi kukimaliza akiwa kwake? Akaruka juu. Chakula! Hakuna aliyewahi kushiba kwa kumtuma Kasuku.

"Kasuku, njoo. Unakumbuka Bi Kobe alipomwoza binti yake, alivyowaita watu?"

"Neno kwa neno."

"Kawaite."

"Lakini karamu ile ilikwisha liwa!"

"Nimekuuliza kama imeliwa? Maneno ni yake au si yake?"

"Ni yake."

"Na sauti?"

"Yake pia."

"Basi ruka!"

"Nguchiro," Bi Kobe akaita kwa shida, "mnanong'ona nini huko?"

"Tunatafuta njia ya kukuinua, bibi."

Jibu hilo, wanangu, lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Tuliweke kando kwanza, tutalirudia.

Mara juu ya bonde zima ikavuma sauti ya Bi Kobe, changamfu, yenye kigelegele ndani yake: "Jamani eee! Maboga ya nazi yako jikoni, chungu kimejaa hadi mdomoni! Njooni mle kabla hayajapoa! Asiyekuja asije akaninunia!"

Di! Di! Di! Ardhi ikatetemeka, kwani tumbo halingojei ushahidi. Tembo alikuja akiwa na miwa bado mdomoni. Kifaru alikuja akidondosha tope.

"Nipishe!" akafoka Kifaru. "Mimi ndiye jirani wa karibu!"

"Ala! Asubuhi ulikuwa bega, sasa umekuwa jirani?"

"Na wewe ulikuwa pamoja, mbona unatoka kwako?"

Wakasukumana hivyo mpaka ukingoni mwa kishimo. Wakasimama. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na chungu. Palikuwa na jani la mgomba, na chini yake miguu minne mikavu isiyotikisika.



"Kumbe ni kweli," akasema Kifaru, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwake.

 Tembo akapitisha mkonga taratibu chini ya gamba. Kifaru akaweka pembe upande wa pili, kwa uangalifu, kama anayeinua yai. "Haya, sote! Hiyaaa!" Gulupu! Bi Kobe akakaa kwa miguu yake.

Lakini kichwa kilikuwa kimezama ndani ya gamba, wala hakikutoka. Tembo akamnyunyizia maji. Kifaru akapiga magoti. Nguchiro akaweka sikio juu ya gamba na kuanza kulia, kilio chake mwenyewe, kisicho kizuri, chenye kamasi.

"Bi Kobe?" Tembo akaita. "Mama? Ni sisi. Tumekuja."

Wakangoja. Kisha pua ikachungulia. Likafuata jicho moja, likawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Karibuni," akasema Bi Kobe.

Basi hapo Tembo akavuta pumzi, moyo ukamtulia, kisha akakasirika.

"Wewe mdogo! Maboga yako wapi? Umetudanganya!"

Nguchiro akajifuta pua. "Mzee wangu, asubuhi ulisema uko pamoja naye. Maboga yapo palepale ulipokuwa wewe."

Masikio ya Tembo yakashuka. Kifaru akataka kucheka, akakumbuka bega lake, akakohoa.

"Maboga gani?" akauliza Bi Kobe.

Wakamweleza. Akatafunatafuna hewa kama ilivyo desturi ya wazee.

"Nguchiro, umeitumia sauti yangu?"

"Ndiyo, bibi. Ungekufa."

"Najua, na roho yangu ni zawadi yako. Ila sikiliza. Nikianguka tena nikaita, watasema, 'Aa, ni yale maboga yake.' Fisi alituibia imani kidogo, hawa kidogo, na leo wewe kidogo. Mimi sina kitu kingine cha kuwaitia watu ila hii sauti."

Nguchiro akainamisha kichwa. Hata kwa lile jibu lake la nusu kweli hakuwa na utetezi, nami nimemtafutia nisiupate. Alitenda jema kwa chombo kibovu.

"Sauti yangu imesema chungu kimejaa," akaendelea Bi Kobe. "Basi kijae. Maboga yako shambani. Kifaru, mwanangu, lete kuni. Tembo, teka maji. Nguchiro, wewe utakuna nazi."

"Ngapi, bibi?"

Bi Kobe akamtazama Tembo kuanzia mkongani hadi mkiani. "Kuna tu. Nitakwambia uache."

Nguchiro akakuna. Kwaru, kwaru, kwaru! Mikono ikafa ganzi, mgongo ukapinda, na kila alipoinua macho Bi Kobe alisema, "Bado, mjukuu wangu." Moto ukawaka, chungu kikafurika. Kasuku akatua akauliza kama apeleke shukrani za wageni. Tembo, mdomo ukiwa umejaa maboga, akamwonyesha kwa mkonga kwamba mwenye nyumba yupo hapo hapo, na atamshukuru mwenyewe akishameza.

Nasi hukumu yetu, wanangu, ni hii: neno la kheri ni ahadi, na asiyekusudia kwenda asiseme yuko pamoja nawe.