Nailoni Chini ya Feni

Ndugu zangu, funikeni vitabu kidogo, nataka niwapeleke sebuleni kwa mama mmoja. Jina lake silitaji, kwa sababu nimemtunga mwenyewe, na nikimpa jina mtaanza kumtafuta mtaani.

Mama huyu alikuwa mpiga chapa. Duka alilokuwa akifanyia kazi likafungwa, akabaki na vidole vyake kumi na watoto wawili wa kulisha. Akasema, sikai. Kompyuta nzima ya mezani hakuiweza, basi akaanza kuinunua vipande vipande. Mwezi huu kasha, mwezi ujao ubao wa ndani unaobeba kila kitu, halafu prosesa, yaani kile kidude kidogo ambacho ndicho ubongo wa mashine. Ilimchukua miezi saba, na majirani walipoona maboksi yanarundikana wakamuuliza kama anafungua bohari.

Sasa lazima niwaambie jambo moja kuhusu nyumba yake. Kila kitu kilikuwa ndani ya nailoni. Makochi yalikuwa na nailoni ya dukani, mwaka wa sita huo. Rimoti ilifungwa nailoni. Friji nalo lilikuwa bado na plastiki yake mlangoni, imejikunja pembeni na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mgeni akikaa kochini mchana wa joto, akitaka kuondoka lazima ajibandue kwanza. Mnacheka? Chekeni taratibu, nyumba zenu nimezitembelea.

Jumatatu moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani akamwita.

"Mama, nina mitihani ya muhula ya madarasa yote saba. Ijumaa saa nne asubuhi niwe nayo mkononi. Ukiweza, kazi ya shule hii ni yako. Ukishindwa sitakulaumu, ila nitamtafuta mwingine."

"Utaipata, Mwalimu."

Akarudi nyumbani, akafuta meza, akavipanga vipande vyote, akawaambia wanawe, "Leo mtu asiniite." Prosesa akaiweka mahali pake. Akaipaka ile krimu ya kupitisha joto. Juu yake akaweka feni pamoja na chuma chake cha kupoozea, akakaza skrubu nne, kona kwa kona, kama fundi alivyomwelekeza. Akawasha. Ikawaka! Alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje. Dakika tano hazijaisha, ikazima.

Jumanne akafungua skrubu zote, akaanza upya. Ikawaka, ikazima. Jumatano akasema labda umeme wa nyumba yangu ndio mbovu, akaibeba ile mashine kwa mikono yake hadi kwa jirani. Huko nako ikawaka, ikazima. Ningekuwa mimi, ningeshaitupa. Wewe je?

Jirani akamwonea huruma. "Dada yangu, kubali tu kwamba imekukataa. Mrudishie Mwalimu mitihani yake mapema."

"Haijanikataa," akasema. "Kuna kitu sijakielewa. Na nitakielewa kabla ya Ijumaa."

Alhamisi asubuhi akaiwasha tena, na ilipozima akampigia simu fundi aliyemuuzia vipande.

"Hebu gusa kile chuma cha kupoozea," fundi akamwambia. "Kina joto?"

Akagusa. "Baridi kabisa."

"Baridi? Basi hapo ndipo penye tatizo. Prosesa inaungua, na kile kilichowekwa juu yake kuichukulia joto hakina habari. Kuna kitu katikati."

"Kitu gani? Vimebanana! Skrubu nimezikaza mwenyewe."

"Vimebanana, mama, ila havigusani."

Akakata simu, akakaa kochini kufikiri. Jua lilikuwa kali. Alipotaka kunyanyuka, nailoni ya kochi ikamng'ang'ania mgongoni. Akasimama palepale, mkono mdomoni. Alikuwa amekumbuka.

Chini ya kile chuma palikuwa na kipande cha nailoni, chembamba, kilichobandikwa kiwandani ili chuma kisichubuke njiani. Kilikuwa na maandishi mekundu: ondoa kabla ya kufunga. Siku ya kwanza alikiona. Ndugu zangu, alikisoma! Akasema moyoni, kitu kipya hiki, nikichubue ya nini? Jumanne alipofungua akakifuta kwa kitambaa, akakilaza vizuri kwa kidole gumba, akafunga tena. Wiki nzima alipambana na kila kitu isipokuwa kile alichokuwa akikitunza kwa mikono yake.

Akakibandua. Hakikumchukua hata sekunde mbili. Akawasha mashine, ikapita dakika tano, ikapita kumi, ikapita saa nzima. Ijumaa saa nne kasorobo alikuwa mlangoni kwa Mwalimu na mitihani yote saba.

Sasa tumwache apumzike, tuje kwetu.

Kwenye mabenchi haya tunabanana kila Jumapili, bega kwa bega. Habari za nyumbani? Nzuri, tunamshukuru Mungu. Skrubu zote zimekazwa. Na huyo uliyebanana naye anaungua, na wewe uko baridi. Je, ni kwa sababu una roho mbaya? Hapana. Unaogopa kuchubuka. Amri ya kupendana tumeisoma, tena maandishi yake tunayajua kwa moyo, halafu tumeilaza vizuri kwa kidole gumba, tukafunga.

Nami simo nje ya hili. Miezi miwili iliyopita mama mmoja wa humu, ameniruhusu niseme, alinipa mkono pale mlangoni. Nikamuuliza hali, akasema njema. Nikauachia mkono, nikamsalimu aliyefuata. Wiki ile alikuwa ametoka hospitali, amepoteza mtoto aliyekuwa tumboni. Nilikuja kusikia baada ya mwezi, tena kwa watu wengine. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, mimi mchungaji wake, na sikuhisi kitu. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo leo hatutatoka hapa kama tulivyoingia. Mnakiona hiki kiti nyuma yangu? Mlininunulia mwaka juzi, na kila Jumapili ninakalia nailoni yake. Mzee Mgonja, niletee wembe. Wakati naichana, kila mmoja amgeukie aliye karibu naye, amshike mkono, amuulize hali. Atakwambia njema. Usiuachie mkono. Muulize tena.