Sultani Aliyetaka Hija Bila Kuinuka Kitini

Hapo zamani, babu za babu zetu walipokuwa bado watoto wa kubebwa, ulikuwako mji uitwao Matuo, katikati ya jangwa, katika njia ya waendao Makka kwa miguu. Mahujaji walifika hapo midomo imewapasuka na nyayo zinawatoka damu, na desturi ya mji ilikuwa kuwaosha miguu na kuwapa maji ya kisima. Nao kabla ya kuondoka waliwaombea dua wenyeji wao.

Mtawala wa Matuo alikuwa Sultani Ghalibu, mtu mnene aliyebebwa hata kwenda msalani. Aliitamani hija kwa moyo wake wote, isipokuwa ile sehemu ya kutembea. Basi siku moja akanena barazani, "Haiwi watu wanywe maji yangu, kisha waniachie dua tupu. Tangu leo kisima kimefungwa. Hujaji atakaye kunywa, sharti kwanza anipe nusu ya anachokwenda nacho Makka. Nikipata nusu kwa huyu na nusu kwa yule, si nitakuwa nimehiji kuliko masheikh wote?"

Mawaziri wakasema, "Ajabu ya akili, bwana wetu!" Kadhi akakohoa, akatazama zulia. Ila Feruzi, mteka maji asiye na kitu ila kata yake na kanzu moja ya viraka, alishindwa kujizuia, akacheka.

"Wacheka nini, mpumbavu wee?"

"Ni furaha, bwana wangu. Sijapata kumwona mtu afikaye Makka naye yu juu ya mto wake."

"Basi kazi hiyo ni yako. Nenda langoni sasa hivi, uniletee nusu hizo hapa mbele ya watu. Ukizikosa, kichwa chako nitakitundika ukutani."

Feruzi akatoka mbio, maana alikipenda kichwa chake, japokuwa watu walisema hakina kitu ndani. Langoni akawakuta mahujaji wameketi juani, na bibi kizee mmoja hata kulia hawezi kwa kiu. Huruma ikamwingia, hasira ikafuata. Akawauliza, "Jamani, mnakwenda Makka na nini?"

Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Tutakwenda na nini, ndugu yangu, ila dhambi zetu? Thawabu ziko huko mbele."

Feruzi akaruka kwa furaha. "Njoni nazo!"

Basi baraza likajaa watu. Wa kwanza akasimama akasema, "Mimi nilimwibia ndugu yangu punda, kisha nikamsaidia kumtafuta. Nusu ni yako, Sultani." Mwingine alikula shamba la mayatima. Bibi kizee alimsingizia mke mwenzake uchawi hata akaachwa. "Pokea, mwanangu," akasema, "Mungu akuzidishie."

Uso wa Sultani ukamwiva. "Feruzi! Mimi nimetaka thawabu!"

"Bwana wangu, ulitaka nusu ya wanachokwenda nacho. Hawa wanakwenda, hawajarudi. Walichobeba ndicho hiki."

Ndipo akajongea mtu mmoja aliyekonda. "Mimi nilikuwa mtoza ushuru wako. Kwa amri yako nilimnyang'anya mjane mbuzi wake wa mwisho."

Sultani akadakia, "Hiyo siitaki hata nusu!"

"Kweli, bwana," akasema Feruzi. "Hiyo ilikuwa yako nzima tangu zamani."

Kisha mtu mmoja kule nyuma akacheka, na baraza zima likafuata. Sultani akamgeukia kadhi, "Nizirudisheje?"

Kadhi akauma midomo asicheke. "Kilichopokewa mbele ya mashahidi hakirudi, bwana. Dawa ni moja, uzipeleke Makka mwenyewe. Kwa miguu, kama wenyewe walivyokuwa wakizipeleka."

Ikawa kisima kikafunguliwa saa ile ile, watu wakanywa wakashiba maji, na habari ya kichwa cha Feruzi hakuna aliyeiuliza. Msafara ulipoondoka, Sultani alikuwa ndani yake, anachechemea kabla hajauacha ukuta wa mji. Watu wa Matuo wakajipanga njiani kumwombea. Wachache walimwombea arudi salama. Waliobaki wote walimwombea safari ndefu.