Kenge na Maneno Mawili ya Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa huko nyuma mmenyamaza, kana kwamba hadithi hii haiwahusu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama waliotaka kuingia chuo cha Tembo walifanya kwanza mtihani wa hesabu. Hesabu zenyewe zilikuwa na vituko. Unapewa swali, na chini yake maneno mawili. Hutakiwi kulijibu swali. Unatakiwa useme tu kama maneno hayo yanatosha kupata jibu, au hayatoshi.

Korongo ndiye aliyewafundisha. Aligonga ubao kwa mdomo, ta, ta, ta. "Twiga ana miaka mingapi? Neno la kwanza: miaka ya Twiga na ya Punda, jumla ishirini. Neno la pili: Twiga amempita Punda miaka minne."

"Moja moja hayatoshi," akasema Kenge. "Yakiwa pamoja yanatosha."

Kenge alijua kazi yake. Alifanya mazoezi asubuhi, akafanya mazoezi jioni, mpaka mkewe akachoka kusikia yanatosha, hayatoshi.

Ikafika siku ya swali la mwisho. Atakayelikosa, Korongo hampeleki kwa Tembo. Ta, ta, ta.

"Yai la Kanga limepotea. Je, ameliiba Kenge? Neno la kwanza: Kenge hula mayai. Neno la pili: Kenge alionekana karibu na kiota."

Darasa likacheka, kwa, kwa, kwa. Nguchiro akasimama. "Yanatosha, mwalimu. Tena yanabaki."

Wote wakaitikia, "Yanatosha." Chura, aliyekaa mbele, naye akaitikia.

"Barabara," akasema Korongo. "Na wewe, Kenge?"

Kenge akashikwa na hasira. Akisema yanatosha, anakwenda chuoni akiwa mwizi kwa kinywa chake mwenyewe. Akisema hayatoshi, anabaki nyumbani. Jasho lote lile, halafu jina lake ndilo liwe mfano wa mwizi! Mkia ukapiga vumbi, pwaa.

"Hayatoshi," akasema.

"Umekosa. Keti."

"Siketi, mwalimu. Nami nina swali. Mtoto wa Chura amepotea tangu juzi. Je, amemla Korongo? Neno la kwanza: Korongo hula vyura. Neno la pili: juzi Korongo alionekana bwawani."

Chura akageuka taratibu, akamkazia mwalimu macho. Nguchiro naye akamtazama. Darasa zima likamtazama.

"Nilikwenda kunywa maji," Korongo akafoka. "Hayo hayatoshi. Hata yakiwa pamoja hayatoshi."

"Ahsante, mwalimu," akasema Kenge. "Nami ndivyo nilivyojibu."

Jina la Kenge likapelekwa kwa Tembo, tena la kwanza.

Mnataka kujua nani aliiba yai? Mimi sijui. Nanyi hamjui, basi tulieni.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Usimhukumu mwenzako kwa ushahidi ambao wewe ukihukumiwa nao utapiga kelele. Hadithi yangu imekomea hapo, na anayeona haikutosha asiniongezee la uongo.