Suruali Nyekundu za San Melitón

Mshindi hachezi peke yake. Ndivyo alivyosema Bi Refugio alipowakuta wajukuu zake uani, kila mmoja akimtupia mwenzake suruali nyekundu kana kwamba inaunguza. Kesho yake ilikuwa tarehe tano Mei, na hakuna aliyetaka kuwa Mfaransa.

"Bibi, methali hiyo imetoka wapi?" akauliza Lucio, mkubwa wao.

"Imetoka ndani ya suruali hiyo hiyo unayoikimbia. Kaeni hapa mnisaidie kutoa mbegu za pilipili, nami nitawasimulia."

Wakakaa. Bibi akaanza.

Zamani, jeshi la Ufaransa lilivuka bahari likaja kuitwaa Meksiko. Lilikuwa jeshi lenye sifa, likauona mji wa Puebla kuwa kifungua kinywa tu. Lakini kwenye ngome za vilimani lilikuta askari wetu, na pamoja nao wakulima walioshuka milimani na mapanga yao ya shambani. Wafaransa wakapanda, wakarudishwa. Wakapanda tena, wakarudishwa. Alasiri ikanyesha mvua kubwa, mteremko ukawa utelezi mtupu, na jua lilipotua walikuwa wamekwisha ondoka. Mwaka uliofuata walirudi na nguvu zaidi wakautwaa mji, lakini furaha ya siku ile hawakuweza kuitwaa.

Ndiyo maana hapa San Melitón kila mwaka watu huvicheza vita vile. Kilima chenye kanisa dogo huwa ngome. Asubuhi wanawake hupanda na ndoo wakamwaga maji mteremkoni, maana mvua ya siku ile nayo ilipigana upande wetu. Wameksiko huvaa nguo nyeupe na kofia za ukindu. Wafaransa huvaa suruali nyekundu, hubingirika topeni, na kila mtu huwacheka.

Sasa, enzi hizo Wafaransa walitoka Mtaa wa Chini, mwaka nenda mwaka rudi. Watu wa mtaa ule walikuwa wamehamia kijijini baada ya wengine, na mgeni hachagui kiti.

Mshonaji wa suruali zile alikuwa msichana wa Mtaa wa Juu aitwaye Otilia. Alikuwa mwenye haya. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, hajui aanze kumjibu yupi. Lakini moyoni alikuwa na shauku moja: kuibeba bendera mpaka kileleni na kuipiga kengele ya ushindi. Tangu utotoni aliitazama bendera ikipanda mikononi mwa wanaume, naye akitembeza midomo kimya kimya pamoja na shangwe. Mwaka mmoja, kwa mara ya kwanza, wazee waliamua bendera ichukuliwe na msichana, nao wakamchagua yeye.

Siku ikafika! Tarumbeta zikalia, karatasi za rangi zilizotobolewa maua zikapepea juu ya njia, masufuria ya mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, karanga na chokoleti, yakatoa harufu iliyowatoa watu vitandani. Wageni wa vijiji jirani walijaa. Otilia alisimama mbele na bendera, moyo ukimdunda kuliko ngoma.

Mara wakatokea watu wa Mtaa wa Chini. Wote, wakubwa kwa wadogo, walivaa nguo nyeupe na kofia za ukindu.

Mzee Basilio, aliyecheza jenerali wetu kila mwaka, alishuka mbio. "Nicanor! Suruali ziko wapi?"

"Ziko kapuni," akajibu Mzee Nicanor, mkubwa wa Mtaa wa Chini. "Mwaka huu sisi pia ni Wameksiko."

"Sasa nani atakuwa Mfaransa?"

"Wewe!" akapaza sauti mama mmoja wa Mtaa wa Chini. "Hilo tumbo limeshiba mikate ya kwao!"

Watu wakaangua kicheko. Basilio akajishika tumbo. "Mimi? Babu yangu alipigana Puebla!"

"Na wa kwangu alifia huko," Nicanor akasema polepole. "Lakini mjukuu wangu huitwa Mfaransa njia nzima ya shule, toka Mei mpaka Mei. Tumechoka, Basilio."

Basilio, kwa kuwa hakupenda kushindwa na neno, akainua panga. "Basi wote twendeni! Wote Wameksiko!"

Kijiji kizima kikakimbia kupanda kilima, mitaa yote miwili bega kwa bega, baruti ikilipuka hewani. Wakafika juu wakihema. "Viva Meksiko!" wakapiga kelele. Kisha wakatazamana.

"Tumemshinda nani?" akauliza mtoto mmoja.

Tarumbeta zikakatika katikati ya wimbo. Huko chini wageni walianza kukusanya watoto wao waende zao.

Otilia alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kamba ya kengele. Angeivuta, nani angemzuia? Lakini aliona kuwa ingelia bure, kama kumpigia vigelegele bi arusi asiyekuwapo. Akamgeukia Mzee Nicanor, akamkabidhi bendera.

"Nishikie, mzee."

"Unakwenda wapi, binti?"

Otilia akateremka mpaka kwenye kapu lililoachwa chini ya kilima, akatoa suruali nyekundu aliyoishona mwenyewe, akaivaa juu ya sketi yake.

"Mimi ni Mfaransa," akasema.

Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi, na sauti ambayo hata mamaye hakuwahi kuisikia ikamtoka: "Mimi ni Mfaransa! Nani ananifuata? Au niitwae San Melitón peke yangu?"

Akapanda mbio. Tope likamtelezesha, puu, akaanguka kifudifudi! Akainuka, uso mweusi, akapanda tena. Puu! Wageni wakarudi wakikimbia. Wa kwanza kumfuata alikuwa mke wa Basilio. "Nipisheni! Huyu mwanaume amenishinda nyumbani miaka yote, leo nitamvamia!" Wakafuata vijana wa Mtaa wa Juu, wakinyang'anyana suruali, hata mwisho Basilio mwenyewe akaacha cheo chake juu, akajibana kwenye suruali ambayo vifungo vyake havikukutana.

Vilikuwa vita! Watu wa Mtaa wa Chini waliilinda ngome kwa nguvu za miaka yote waliyobingirishwa. Basilio aliteleza toka juu hadi kwenye masufuria, akaketi pale akasema, "Kumbe ndivyo inavyokuwa," nao wa Mtaa wa Chini wakacheka mpaka wakalia.

Mwisho Wafaransa wakashindwa, ngome ikasimama. Mzee Nicanor, ambaye maishani mwake hakuwahi kushinda vita vile, alifika kwenye kengele na bendera mkononi. Wote wakangoja. Yeye akageuka, akashuka mteremko kwa uangalifu, akamnyooshea Otilia mti wa bendera pale alipokwama topeni.

"Lakini mimi ni adui," Otilia akasema.

"Shika huku, mwanangu. Mshindi hachezi peke yake."

Wakapanda pamoja, wakaivuta kamba pamoja, na kengele ikasikika mpaka bondeni. Tangu mwaka ule mitaa hupokezana suruali, na hakuna mtoto tena aliyetaniwa njiani.

Bi Refugio alipoinua macho, pilipili zilikuwa zimesahauliwa. Lucio alikuwa ameshikilia mguu mmoja wa suruali, dada yake mguu wa pili.

"Niachie! Mimi ndiye Mfaransa!"

"Wewe ulikuwa wa kwanza kuikataa!"

"Haya," bibi akacheka, "mkiwa Wafaransa nyote, ngome italindwa na kuku wangu?"

Watoto wakatazamana. Kisha Lucio akauachia mguu wake wa suruali, akaokota kofia ya ukindu, akajibu kabla hajaulizwa kwa nini: "Mshindi hachezi peke yake."