Nani Ampe Jina Mjukuu wa Bi Tunu?

Haya, sogeeni! Mwenye masikio aje nayo, asiye nayo aazime kwa jirani.

Kila akisinzia mchana, Bi Tunu wa Lumbizi humwona mwanawe Mbwana mlangoni, miguu imejaa vumbi jekundu.

"Keti, mwanangu."

"Siketi, mama. Nani amenirudisha nyumbani?" Kisha huyeyuka kama mvuke wa chai.

Mbwana aliuawa na askari wa Jenerali Fundo, yeye na nusu ya kijiji. Sasa Jenerali kafungwa maisha, wafu wamezikwa kwa heshima, na mila ya Lumbizi inasema aliyewarudisha wafu ndiye humpa jina mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya mazishi. Mtoto huyo ni mjukuu wa Bi Tunu. Keshaota meno, na bado anaitwa "Wewe".

Walikuja watatu kutoka mahakama ya kimataifa, kila mmoja na kipaji chake.

Shemdoe, mpelelezi, alikuwa na macho. Alitazama shamba la mihogo, akaona pembe moja imenona kupita kiasi. "Chimbeni hapa, taratibu." Wafu wakapatikana. Lakini mifupa haikumtaja muuaji.

Salha, mpelelezi mwenzake, alikuwa na masikio. Alimfuata dereva wa Jenerali uhamishoni, akawa anamenya naye karanga bila kumuuliza kitu, mpaka dereva mwenyewe akapasuka: "Jenerali alikuwepo. Alitoa amri namsikia!" Lakini kizimbani Jenerali akacheka: "Mlevi huyo! Mimi Lumbizi siijui hata ndotoni."

Ndipo akainuka wakili Kihongwe, mwenye ulimi. Akasema kwa sauti ya kubembelezea watoto: "Afadhali, mheshimiwa. Nasikia maji ya kisima chao yana chumvi, hayanyweki."

"Chumvi?" Jenerali hakuzaliwa kuacha kosa lipite. "Matamu yale! Baridi kama—"

Akajiziba mdomo, neno limeshatoka. Majaji wakaandika: amewahi kuyanywa.

Leo wote wako mkekani kwa Bi Tunu.

"Bila macho yangu, mngemshtaki mtu kwa mihogo?" akasema Shemdoe.

"Na bila dereva wangu, kaka, ungebaki na shimo lako."

"Na bila kisima changu," akadakia Kihongwe, "Jenerali saa hizi anakula pilau kwake."

Bi Tunu akampakata mtoto, kope zikamlemea. Mlangoni, Mbwana kasimama, vumbi miguuni. "Ni nani, mama?"

Mtoto ni mmoja. Mbele yake mikono ya watu watatu imenyooshwa.

Haya, wewe unayecheka huko nyuma: ungekuwa wewe Bi Tunu, ungemkabidhi nani mtoto ampe jina, ili Mbwana apate kuketi?